Chupa ya Chai ya Bi Kibibi

Sogeeni hapa mbele. Mwenye simu aizime, mwenye maneno ayameze kwanza, atayatema baadaye. Hadithi hii ina mwanzo na ina katikati. Mwisho sina. Mwisho mtanipa nyinyi.

Palikuwa na watu watatu mjini Tanga, kila mmoja na kipaji chake, na hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa unywele.

Wa kwanza aliitwa Tunu. Tunu alikuwa na mkasi wa maneno. Mpe kitabu kinene kama tofali, atakurudishia kurasa chache, nawe ukizisoma hutatafuta kilichopungua. Kazi yake ilikuwa kuandika miswada ya filamu. "Maneno ni mchele," alikuwa akisema. "Usipouchagua utatafuna mawe."

Wa pili aliitwa Mbaruku. Mbaruku alikuwa na jicho. Mahali unapopita wewe kila siku na baisikeli yako bila kupaona, yeye alisimama, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja; nawe ukija kupaona ndani ya kamera yake unauliza huo ni mji gani. Na kumbe ni Barabara ya Kumi na Tano, kwenu, mbele ya banda la muuza mkaa.

Wa tatu aliitwa Mashavu. Mashavu alikuwa na uso. Simaanishi uzuri, maana wazuri Tanga hawahesabiki. Namaanisha uso unaosema. Akikaa kimya mbele ya watu, kila mmoja anakumbuka jambo lake mwenyewe. Mama yake alikuwa akilalamika, "Mtoto huyu siwezi kumgombeza. Akinitazama, naanza kuomba radhi mimi."

Sasa, katika mji huo palikuwa na kitabu cha mapenzi kinachoitwa Saa Kumi Stesheni. Kilitoka miaka ile ya foleni za maduka, na aliyekwenda shule alikisoma, asiyekwenda alisimuliwa akiwa anasukwa nywele. Habari yake ni fupi. Msichana mmoja, Azimina, ameambiwa na mchumba wake kwamba atarudi Ijumaa kwa treni ya saa kumi alasiri. Azimina anapika chai ya maziwa, anaitia kwenye chupa, anakwenda stesheni kumpokea. Treni inafika, watu wanashuka, mchumba hayumo. Azimina anafungua chupa na kuimwaga chai yote chini. Sentensi ya mwisho inasema hivi: "Akaimwaga, na ardhi ikanywa mapenzi yake." Watu wazima wenye ndevu waliisema sentensi hiyo huku wamefumba macho.

Aliyekiandika ni Bi Mwantumu. Na Azimina si mtu wa kubuniwa. Azimina ni Bi Kibibi, shoga yake tangu utotoni, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Kila mtu alijua. Mji wetu hauna siri, una mambo ambayo hayajasemwa kwa sauti tu.

Kitabu kilipotoka, Kibibi alikisoma chote, akakifunga, akavuka barabara, akamrudishia mwenyewe mkononi. Tangu siku ile hakumwita tena shoga. Salamu alimpa, kwa kuwa hakulelewa jalalani. "Hujambo, Mwantumu." "Sijambo, Kibibi." Basi. Miaka ikapita hivyo hivyo, wakazeeka wakitazamana. Watoto wa shule wakipita mlangoni kwa Bi Kibibi walikuwa wakiimba, "Bi Mwagachai! Bi Mwagachai!" na yeye akaacha kabisa kunywa chai mbele za watu. Arusini maji. Matangani maji. Idi, maji.

Bi Mwantumu aliamini shoga yake amekasirika kwa kutolewa siri yake. Hakumuuliza. Bi Kibibi aliamini shoga yake anajua fika alichokosea. Hakumwambia. Watu wazima wawili, milango inatazamana, ulimi kila mmoja anao! Jambo hili hunipandisha damu, kwa hiyo nipite haraka.

Bi Mwantumu akashikwa na maradhi ya moyo. Alipoona siku zinamkimbia, akawaita wale watatu chumbani kwake. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemwomba kitabu wakitengenezee filamu, naye akikataa. Safari hii aliwaita mwenyewe.

"Nawapa kitabu changu," akawaambia. "Lakini watu wa filamu nawajua. Mnapenda kuozesha. Mkifika mwisho mnaleta ngoma na pilau. Mchumba asirudi! Akirudi, nitatoka kaburini niwatafute."

"Harudi, bibi," Tunu akasema.

"Na mwisho wangu msiuguse."

"Hatuugusi."

Akatazama dirishani, kwenye mlango wa ng'ambo. "Sitaki sifa. Umri wa sifa umepita. Nataka ile picha iwe nzuri mpaka Kibibi aione aseme, kumbe Mwantumu alinipenda. Aje hapa, akae kwenye kitanda hiki, aniite shoga. Sina haja nyingine."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Wakaianza.

Tunu alikaa na kitabu mpaka akafika mwisho, kwenye ile sentensi ambayo watu huisema wamefumba macho. Akaishika kalamu. Sentensi ilikuwa nzuri, na uzuri wenyewe ndio uliomtia wasiwasi. Ilikuwa imesemwa na kila mtu mpaka imekuwa kama mlango wenye mlinzi, hakuna anayepita. Akaikata. Akakata na kumwaga kwenyewe. Akaandika maneno matatu tu: "Azimina anafungua chupa." Mbaruku akauliza, "Halafu?" Tunu akajibu, "Halafu nini? Mimi nimeishia hapo." Alijua anavunja ahadi. Usingizi haukumjia vizuri tangu siku ile, lakini hakuirudisha.

Mbaruku alikwenda stesheni, akainamisha kichwa, akafumba jicho. Kwenye kitabu, Azimina anatazamwa na umati, yaani msomaji amesimama na wanaocheka. Mbaruku akaichukua kamera akaiweka kwenye benchi, ubavuni kwa msichana, ikawa umati ndio unaotazamwa. Jua la saa kumi halina subira, wakapata nafasi moja tu. Treni ikaondoka, na hapo ndipo alipotakiwa kusema "kata." Mkono ukawa juu tayari. Betri ilikuwa inawaka taa nyekundu, na alikuwa ameiweka akiba kwa picha nyingine, ya arusi ya dada yake Azimina, iliyokuwa ikisubiriwa na waigizaji waliokwisha kuvaa. Akaushusha mkono pole pole. Hakusema kata. Picha ya arusi haijapigwa hadi leo, na waliovaa walimtukana.

Mashavu alikaa kwenye benchi, chupa mapajani. Alijua kitabu kinasema amwage. Muswada umesema afungue. Akaifungua. Mvuke ulikwisha zamani. Akaiinamisha, kila mtu akajua sasa anamwaga, na mkono ukagoma. Akakigeuza kifuniko kile kinachokuwa kikombe, akajimiminia, akanywa. Akanywa chote. Akajimiminia tena, akanywa. Akafuta mdomo kwa ncha ya leso, akafunga chupa, akasimama, akaondoka kama mtu anayekwenda kupika cha jioni. Alipoulizwa akasema, "Nimelelewa na bibi yangu. Kwetu chai yenye sukari haimwagwi, hata iwe imepoa. Mkono ulikataa, nifanyeje?" Mbaruku machozi yalikuwa yamemjaa kwenye jicho lile lililo wazi.

Wakampelekea Bi Mwantumu picha kwenye kompyuta, wakamwekea mto mgongoni. Alilia toka mwanzo. Alicheka pale pa kucheka. Alimshika Mashavu mkono akasema, "Kibibi huyu! Kibibi mtupu!" Ikafika stesheni. Treni ikaondoka. Chupa ikafunguliwa.

"Hee," akasema. "Anafanya nini?"

Akajiinua kwenye mto.

"Anakunywa? Anakunywa! Mapenzi gani hayo ya kukaa kunywa chai peke yako? Nani kaandika hivi?"

"Mimi sikuandika anywe," Tunu akasema.

"Mimi sikumwambia anywe," Mbaruku akasema.

"Mimi sikuambiwa nimwage," Mashavu akasema.

"Washenzi nyote!" Bi Mwantumu akaanza kukohoa, wakamwinua, wakampa maji. Pumzi ilipomrudia akasema kwa sauti ndogo, "Mmeniharibia. Rudini stesheni, mmwage. Na Kibibi asiione picha hii mpaka mrekebishe. Mnanisikia? Asiione."

Wakaitikia. Wote watatu wakaitikia, "Ndiyo, bibi."

Sasa sikilizeni hapa. Kurudi stesheni hawakuweza, kwa sababu Mashavu alikuwa mja mzito na tumbo lilikwisha kutangulia mbele, na Azimina ni mwali. Hilo moja. La pili, katika moyo wake kila mmoja aliijua ile picha kuwa ni ya kweli kuliko kitabu. Lakini kumwambia mgonjwa wazi, "Bibi, haturekebishi," hakuna aliyethubutu. Na kuvuka barabara, hatua chache zile, wamgongee Bi Kibibi mlango, hakuna aliyethubutu pia. Tunu alisema, "Mimi ndiye niliyemwahidi, siwezi kumsaliti mara mbili." Mbaruku alisema, "Mwenye kitabu hajaridhia. Picha isiyoridhiwa haionyeshwi." Mashavu alisema, "Mimi muigizaji tu. Nani kaniweka msemaji?" Wakasema tungoje apoe. Wakawa wanampitia kumjulia hali, na yeye kila wakija anauliza, "Mmerekebisha?" Nao wanajibu, "Tunaendelea, bibi."

Uongo wa adabu. Mimi naona heri tusi.

Siku ya mwisho hakuuliza habari ya picha. Aliuliza, "Kibibi kaja?" Wakamwambia atakuja. Akageuza uso dirishani, na hakuugeuza tena.

Bi Kibibi alikuja. Alikuja matangani, akakaa mkekani na wanawake wenzake, mtandio umefunika nusu ya uso. Mashavu ndiye aliyekuwa akigawa vikombe. Alipomfikia akamwekea chai mbele. Bi Kibibi akaisogeza kando kwa kidole kimoja, akasema, "Maji, mwanangu." Mashavu akaenda uani, akakaa nyuma ya sufuria, akalia mpaka wakamwonya kwamba ataumiza mtoto.

Baada ya arobaini, wakamalizana wenyewe: aliyetukataza hayupo, twendeni. Wakavuka barabara. Bi Kibibi aliwafungulia, akawatazama mmoja mmoja.

"Mnataka nini? Kama ni yale ya kitabu, nendeni zenu."

"Bibi," Mashavu akasema, "tazama mwisho tu. Ukichukia tufukuze."

"Keti, usije ukazalia mlangoni kwangu."

Wakafunga madirisha ili kioo cha kompyuta kionekane, wakakaa kwenye mkeka. Bi Kibibi akatazama na mdomo ameubana. Treni ikaondoka. Chupa ikafunguliwa. Chai ikamiminwa kwenye kifuniko.

"Alaa!" akasema. Akasogea karibu mpaka pua inataka kugusa kioo. "Kanywa! Nyie, kanywa! Tena, tena... kajitilia tena!" Akaanza kucheka. Alicheka akajipiga mapaja, akacheka mpaka mtandio ukaanguka, na ikawa haijulikani tena kama ni kicheko. "Nani kawaambia?"

"Hakuna aliyetuambia, bibi."

"Vikombe viwili! Cha kwangu na chake. Ndivyo nilivyofanya mimi, wallahi. Nyie watoto hamjui sukari ilikuwa nini siku zile. Nilipanga foleni duka la kaya, la sukari ya mgao, toka alfajiri, jua likanikuta, mchana ukanikuta, nikapata kile kifuko cha nyumba nzima, nikaiba humo vijiko nikamtilia mwanamume chai. Halafu hakuja. Nimwage? Nimwage sukari ile? Nilikaa, nikanywa, nikafuta mdomo, nikaenda kwetu kumenya muhogo. Sikumlilia hata chozi."

Akauokota mtandio wake.

"Kuachwa niliachwa. Hilo mji mzima uliliona, Mwantumu hakutoa siri yoyote. Lakini kaniandika nimemwaga! Mama yangu kafa akisikia watu wanasema mwanawe alimwaga sukari ya nyumba kwa ajili ya mwanamume. Mjinga kiasi hicho? Angeniuliza tu, 'Kibibi, chai uliifanyaje?' ningemwambia. Hakuwepo stesheni siku ile, kajitungia."

"Na wewe, bibi," Mashavu akauliza taratibu, "kwa nini hukumwambia?"

Bi Kibibi akaufunga mtandio wake, akaufungua, akaufunga.

"Nilikuwa nangoja aulize," akasema.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Hawakutuachia neno juu ya chai ambayo haikumwagwa.

Basi bibi akamwambia Tunu atie maji jikoni. Akapika mwenyewe, akatia sukari bila kuogopa, akanywa mbele yao, na hawakujua watazame wapi. Kisha akaingia ndani akatoka na chupa. Ya zamani ile, ya bati, nyekundu, maua yamechujuka ubavuni. Ile ile. Akaiweka katikati ya mkeka.

"Mtu kanirudishia chai yangu," akasema. "Chupa hii naitoa kwa huyo. Mmoja. Msinambie mtagawana, ndani ni kioo."

Watatu wakatazamana, na haukupita muda.

"Mimi ndiye niliyekata sentensi," Tunu akasema. "Isingekatwa, angemwaga kama kitabu kilivyotaka, na leo tusingekuwa hapa."

"Kukata!" Mbaruku akasema. "Kukata hata panya anakata. Mimi ndiye niliyeacha kamera inaendelea. Ningesema 'kata', mngekuwa na msichana kashika chupa, basi."

"Mlikata, mkaacha," Mashavu akasema. "Aliyekunywa nani? Nyie wawili mlinipa shimo, mimi ndiye niliyelijaza. Na ile chai ilikuwa mbaya kweli, kaka Mbaruku, uliipika mwenyewe."

"Bila shimo ungejaza nini?"

"Bila kamera mngejaziana wenyewe kwa wenyewe!"

Bi Kibibi aliwaacha wabishane huku anakunywa. Alipomaliza kikombe akakiweka chini, nao wakanyamaza kwa mlio wake.

"Nina swali moja kabla sijaitoa," akasema. "Mashavu, picha hii ulipigwa tumbo likiwa halijaonekana. Leo unakaribia kujifungua. Kwa hiyo mlikuwa nayo Mwantumu akiwa hai?"

Mashavu akainamia tumbo lake.

"Alikuwa hai, anatazama dirisha lile. Na mimi nilikuwa hapa, natazama lile pale. Picha mko nayo mkononi." Sauti yake haikupanda. "Kwa nini mlikaa nayo?"

"Tuligusa mwisho aliotukataza kuugusa, akasema usiione, bibi," Tunu akasema.

"Yeye kakataza mwisho usiguswe, mkaugusa. Kakataza nisione, mkatii. Mnachagua vipi?"

Akaisukuma chupa kidogo mbele.

"Chupa ni ya aliyenirudishia chai yangu. Na huyo huyo, kwa kuwa mwisho ule ni wake, ndiye aliyepaswa kuvuka barabara aniletee. Aichukue sasa, na akiichukua aniambie kwa nini hakuja."

Mmeona sasa? Mikono iliyokuwa ikinyoshwa ikarudi mapajani. Tunu akasema polepole kwamba, kwa kweli, aliyekunywa ni Mashavu. Mashavu akasema bila kamera kunywa kwake kusingekuwa kitu. Mbaruku akasema yeye alifuata muswada. Wale wale waliokuwa wakigombea, sasa kila mmoja anampa mwenzake. Na kuna aliyenong'ona kwamba labda chupa ni ya marehemu, maana bila kitabu chake pasingekuwa na lolote. Bi Kibibi akasema, "Huyo ningempa. Mleteni."

Wakaaga. Chupa ikabaki mkekani. Nimeambiwa ipo mpaka leo, imefutwa vumbi, na Bi Kibibi siku hizi alasiri hukaa na chai yake dirishani, analitazama lile dirisha la ng'ambo lililofungwa. Watoto hawamwimbii tena. Wameiona picha.

Haya. Mimi nimeweka chini mzigo wangu, ubebeni. Aliyekata, aliyeacha, au aliyekunywa, nani aichukue chupa? Lakini asiniambie mtu "wote watatu", ameshawaambia haigawanywi. Na asiniambie "hakuna", kwani chai ilirudi, na haikurudi yenyewe. Ukitaja jina, simama nalo: mshike mtu wako mkono, mvushe barabara, mkae mbele ya yule bibi, na umjibie swali lake.

Haya, wewe uliyekaa nyuma unayetikisa kichwa. Ungempa nani?